Namba Moja ya Bi Leonia

Kwa watu wa Ng'ambo, hapa Tabora, Hilari ni fundi cherehani mwenye mkono mzuri na ulimi mkali. Suruali akikukatia inakukaa, lakini ukienda kuichukua siku moja kabla ya siku aliyokupa, utarudi nyumbani na maneno ambayo hukuyaagiza. Jumapili huyo huyo hukaa nyuma ya kinanda cha kwaya ya kigango, shati jeupe, kola imesimama kwa pasi, na hapo ndipo hasira zake za wiki nzima hupata makao. Miaka ishirini na miwili amepiga kinanda pale, na miaka ishirini na miwili amelalamika.

Analalamikia nini? Afadhali uulize asicholalamikia. Umeme ukikatika katikati ya Utukufu, analalamika. Besi wakichelewa mazoezi kwa sababu ya mpira, analalamika mpaka mpira wenyewe uishe. Ila donda lake kuu ni waanzishaji wa nyimbo. Kwenye kwaya za watu wengine, mpiga kinanda hutoa sauti, waimbaji wakaipokea. Kwenye kwaya ya Hilari mambo ni kinyume. Mwanzishaji huanza popote pumzi yake ilipoamkia siku hiyo, na kinanda kimtafute.

Desturi hiyo ina wenyewe. Kwaya ilianzishwa na akina mama watano, wakiongozwa na Bi Leonia, mama mzazi wa Hilari, na waliimba miaka mingi bila chombo chochote zaidi ya kayamba na viganja vyao. Kinanda kilipokuja, Bi Leonia alikizunguka mara mbili, akakigusa kwa kidole kimoja, akasema, "Huyu ni mgeni. Mgeni hufuata desturi za nyumba." Shauri likaishia hapo, na mwanawe akabaki na kazi ya kumfundisha mgeni adabu.

Sasa, fundi ni fundi. Hilari alipoona waimbaji hawabadiliki, akafanya kama anavyofanya dukani. Alianza kuwachukua vipimo.

Kinanda kile kina vitufe vinane vidogo vilivyopangwa mstari mmoja chini ya kioo. Ukishapanga sauti unazozitaka, filimbi ikalala juu ya ogani, mdundo ukapoa, kasi ikatulia, wimbo ukaushusha au kuupandisha kwa nusu sauti kadhaa, unashikilia kitufe cha kuhifadhi kisha unabonyeza namba. Basi. Siku yoyote ukibonyeza namba ile, kinanda kizima kinajipanga kama ulivyokiacha. Lakini ukihifadhi kipya juu ya namba yenye kitu, cha zamani kinaondoka bila kuaga, wala mashine haikuulizi kama una hakika.

Wapiga kinanda wengine hupanga namba hizo kwa nyimbo: ya kwanza ya kuingia, ya pili ya matoleo, na kadhalika. Hilari alizipanga kwa watu. Namba tatu ilikuwa ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeanza juu kama aliyekanyaga kaa la moto, halafu anawageukia wenzake kwa mshangao kwamba hawamfikii. Namba tano ilikuwa ya mzee wa besi anayeimba kila kitu kwa mwendo wa mazishi, hata nyimbo za Pasaka. Na namba moja, ile ambayo kidole huiangukia bila macho kuitafuta, ilikuwa ya Bi Leonia.

Ya Bi Leonia ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu mama alikuwa anashuka. Mwanzoni Hilari alimwandika kwenye daftari lake la vipimo, kati ya viuno na mabega ya wateja: "Mama, chini mbili." Mwaka hadi mwaka sauti ya mama ikateremka kidogo, naye akateremsha kinanda kidogo, akahifadhi, wala hakurudi tena kwenye daftari. Ya nini? Mashine inakumbuka. Akina mama wenzake nao waliteremka pamoja naye, kwa hiyo wimbo wake ukipigwa pale alipo Bi Leonia, wazee wote waliimba. Ukipandishwa, wanne wale wanabaki wameshika vitabu.

Na wimbo huo ulikuwa mmoja. Alikuwa ameutunga mwenyewe, wimbo wa matoleo, kuhusu mwanamke anayempelekea Mungu jembe lililolika mpaka limebaki kipande. Tangu Pasaka alikuwa hawezi kutoka kitandani, miguu imevimba, na wiki mbili kabla hajafa alimwita Hilari akamwambia jambo moja tu.

"Nikienda, mniimbie wimbo wangu, na wenzangu wale wanne waimbe wote. Usije ukawapandishia wakabaki wanatazama mdomo wa mjukuu wangu Julieth. Nipigie pale pangu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema, mwanangu. Pale pangu."

Akaahidi. Ahadi nyepesi kuliko zote, akafikiri. Ni kubonyeza namba moja.

Basi mjue pia kwamba kinanda kile hakikuwa cha Hilari peke yake, na hili lilimkereketa kuliko viroboto. Benjamini, mwanakwaya mwenzake aliyemzidi kwa miaka ishirini ya ujana, alikuwa anakiazima Jumamosi kwa ruhusa ya kwaya, akapigie sherehe za Isevya na Mtendeni. Benjamini alikuwa anahifadhi vitu vyake pale kidole kilipoangukia. Mwaka juzi, katika misa ya Jumatano ya Majivu, Hilari alibonyeza namba sita akitaka ogani tulivu, kigango kizima kikapata ngoma ya kumtoa bibi harusi. Padre aliinamisha kichwa, na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa anasali au anacheka. Kumbukumbu za vitufe vile zina kurasa mbili, na kuanzia siku hiyo Benjamini aliapishwa: namba zako ziko ukurasa wa pili, ukurasa wa kwanza usiuguse hata kwa kitambaa cha kufutia vumbi.

Wiki ile ile ya ahadi, Askofu alipotarajiwa kuja kwa Kipaimara, Hilari alikaa Jumamosi nzima akikisafisha kinanda. Alipanga upya namba zote nane, akafuta takataka zisizo na mwenyewe, akambana mpwa wake Julieth, mwanzishaji mpya, mpaka akapata vipimo vyake. Julieth aliimba mstari mmoja mara kumi na nne. Alipodai maji, aliambiwa maji hulainisha sauti zilizokwisha kupimwa, siyo zinazopimwa. Jioni Hilari akakifunika kinanda, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaenda kulala bila kumlaumu mtu. Kipaimara kikapita salama.

Bi Leonia alifariki Jumatatu alfajiri. Jumanne mchana, turubai likiwa limeshafungwa uani, wanaume wako kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, Hilari alikileta kinanda kukijaribu. Alikuwa hajalia. Aligombana na mleta viti, akagombana na aliyefunga turubai likaegemea mpapai mwembamba, akamgombeza hata mpapai. Ndipo akabonyeza namba moja.

Kikatoka kidumbaki. Ngoma za haraka, zeze linarukaruka, sauti iko juu huko.

Hakungoja kusikiliza mara ya pili. Benjamini ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani na ndoo mbili za maji kwa ajili ya wapishi.

"Wewe!" Hilari alimrukia. "Mama yangu yuko mochwari, namba yake umeijaza ngoma zako za Isevya! Nilikuapisha, sikukuapisha? Nijibu!"

Benjamini akazitua ndoo taratibu.

"Kaka Hilari, pole kwanza kwa msiba. Mimi ukurasa wa kwanza siugusi. Tangu yale Majivu siugusi."

"Nani sasa? Panya?"

"Sijui, kaka. Mimi siyo."

"Mwongo mkubwa wewe, na kinanda hutakiona tena!"

Julieth alitoka jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameyasikia yote, na unaona kabisa kwamba angependa mwingine aseme.

"Mjomba, bonyeza tena. Sikiliza."

Akabonyeza, kwa hasira. Julieth akaimba mstari wa kwanza kwa sauti ndogo, na ukaingia kwenye muziki ule kama mkono kwenye shati lake mwenyewe.

"Ni vipimo vyangu," akasema. "Uliniweka wewe, siku ile ya kumwandalia Askofu, ukanipigia na ngoma hizi za kumshangilia. Nilikuuliza, mjomba, hii si ya bibi? Ukasema bibi hatakuja tena kuimba, na namba moja haiwezi kukaa bure, hebu imba."

Hilari alikitazama kitufe cha namba moja. Alikumbuka. Alikumbuka mpaka kidole chenyewe kikishuka juu ya kitufe.

Na hapo, kwa bahati mbaya yake, alikuwapo Zuwena.

Zuwena ni Mzaramo. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa reli, akamleta Tabora kwa treni na kumwacha huko mjane mwenye karai la vitumbua, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba cha Bi Leonia. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi kama Hilari ni mtani, tangu enzi Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa misafara ya kushuka pwani. Mtani huja kwenye msiba wako kukuchokoza, kukufichia vitu, kukucheka machozi yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukimkasirikia mtani, umejivunjia heshima mwenyewe. Tangu Jumatatu Zuwena alikuwa ameshaficha waya wa kinanda ndani ya gunia la mchele, na kuutoa aliutoa baada tu ya Hilari kumwimbia mbele ya watu kwamba Wazaramo ndio walimu wa Wanyamwezi. Kwa mtu mwenye hasira za Hilari, mtani ni adhabu.

"Eeh! Jamani Wanyamwezi!" Zuwena alisimama juu ya mkeka, mikono kiunoni. "Mama yuko hai kitandani, anakunywa uji wangu, mwanawe kashamfuta kwenye mashine! Hii mpya! Wenzenu hungoja Mungu aite, huyu kamzika wiki mbili kabla!"

Uani pote watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa wanalia, maana utani una haki zake. Benjamini peke yake hakucheka. Hilari aligeuka, akaingia chumbani kwa mama, akakaa kwenye kitanda kilichotandikuliwa. Zuwena alikuwa amesema kweli, na ukweli wa mtani huwezi hata kuujibu kwa kofi.

Alasiri ile alihangaika. Daftari lilisema chini mbili, lakini hiyo ni ya miaka na miaka. Alidhani ya mwisho ilikuwa tatu. Au nne? Aliwafuata akina mama wanne waliobaki, mmoja mmoja, pale walipokaa.

"Bi Mektilda, mama alikuwa anaanzia wapi?"

"Pale pale pa siku zote," akajibu Bi Mektilda, mkubwa wao, anayekaribia miaka tisini.

"Pale pa siku zote ni wapi?"

"Si pale pa mama yako?"

"Nakuuliza hapo ndipo wapi!"

"Mwanangu, mbona unanifokea? Kinanda si unacho wewe?"

Wa pili akaimba mfano, akaimba juu kuliko Julieth. Wa tatu hakumbuki. Wa nne alimshauri asali rozari. Hilari akarudi, akaiweka tatu, akahifadhi, akasema liwalo na liwe, na roho ikakataa kutulia.

Jumatano saa nane mchana jeneza lililetwa nyumbani, likawekwa chini ya turubai kwa heshima za mwisho, kabla ya kwenda kigangoni na makaburini. Ndiyo ilikuwa saa ya wimbo. Akina mama wanne walisimama mbele, wamevaa sare ya kwaya ya zamani iliyofifia. Hilari akabonyeza, Julieth akaanzisha.

Mstari wa kwanza wazee waliujaribu. Wa pili, Bi Mektilda alifumba mdomo. Wa tatu, wote wanne walikuwa wanamtazama Julieth, sawasawa kama Bi Leonia alivyosema wasifanye. Hilari aliona. Alishuka nusu sauti katikati ya wimbo, Julieth akapotea. Akapandisha arudi alipotoka, akapitiliza, ikawa vibaya zaidi. Julieth akanyamaza, kinanda nacho kikanyamaza, na mbele ya jeneza la mama yake fundi wa vipimo alibaki na mikono mitupu.

"Wapagazi!" sauti ilitoka ndani ya nyumba. "Mzigo hamjaufunga vizuri, mnataka kuondoka?"

Watu waligeuka. Alitoka Bi Leonia. Yaani alitoka Zuwena, lakini kitenge ni cha Bi Leonia, kilemba kimefungwa chini kabisa kwenye paji la uso kama alivyokifunga Bi Leonia, fimbo yake mkononi, na ule mwendo wa kutanguliza bega la kushoto kana kwamba anasukuma mlango. Ni kazi ya mtani kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa, na Zuwena alikuwa ameiandaa kazi yake kwa miaka thelathini bila kujua. Vigelegele vilipanda. Mjukuu mmoja alipiga ukelele wa woga.

"Hilari!" akasema, na ilikuwa ile sauti yenyewe, kavu, haina haraka. "Unanipandisha mlima na magoti haya? Shusha. Shusha, mwanangu."

Waya Hilari aliuvumilia, kicheko cha jana alikivumilia, lakini hili! Alitaka kusimama. Kabla hajasimama, Zuwena alikwishaanza kuimba.

Mwislamu yule aliimba wimbo wa matoleo wa kigango neno kwa neno, jembe lote mpaka kipande. Hakuimba kwa kuigiza sasa. Aliimba kama alivyousikia ukutani kila alfajiri, chini, kutoka kifuani, taratibu. Na mkono wa Hilari, ambao kwa miaka ishirini na miwili umewafuata waanzishaji kwa manung'uniko, ukamfuata. Chini tatu, bado. Chini nne, bado. Chini tano, sauti zikakutana.

Tano. Hakuwahi kuhifadhi tano hata siku moja. Kumbe tangu Pasaka, kitandani pale, mama alikuwa ameendelea kushuka peke yake, na mwanawe anayejigamba kujua kipimo cha kila mtu hakuwa amekwenda kumpima. Hata kama namba moja isingefutwa, ingekuwa imepitwa na wakati. Jirani wa upande wa pili wa ukuta ndiye aliyekuwa anajua mama amefika wapi.

Bi Mektilda aliingia kwenye mstari wa pili bila kualikwa. Wakaingia wa pili, wa tatu, wa nne, sauti zao nzito zimekwaruzika, na hakuna aliyetazama mdomo wa mtu. Benjamini aliyekuwa amesimama nyuma kwenye besi akaingia. Uani pote watu waliinuka.

Sasa, mwisho wa ubeti wa pili Bi Leonia alikuwa na tabia moja. Alikuwa anasimama kukohoa. Kikohozi kifupi cha mara mbili, anameza mate, ndipo anaanza ubeti wa tatu. Kwaya ilikizoea kikohozi kile mpaka kikawa sehemu ya wimbo, hakuna aliyekitaja na hakuna aliyekiruka.

Walipofika hapo, akina mama wanne walinyamaza wote kwa pamoja. Benjamini akanyamaza. Hilari alishikilia sauti kwa vidole vyote, hakuendelea, kama anavyofanya siku zote. Wakangoja. Zuwena, ambaye angeweza kukohoa, alikuwa ameziba uso kwa kilemba cha rafiki yake, mabega yanamtikisika.

Walingoja, na hakuna aliyekohoa.

Hapo ndipo Hilari alipojua kwamba mama yake amekufa. Aliinamisha kichwa juu ya kinanda akalia kwa sauti, mbele ya watani, wateja na wanakwaya, na vidole havikuachia, mpaka Bi Mektilda alipouanza ubeti wa tatu.